Muuguzi aliyekimbia vita si mgeni Kalemie, na si mwizi wa kazi

Kalemie, jimbo la Tanganyika.

Tangu boti zilipoanza kushusha watu kutoka upande wa Uvira, Baraka na Fizi, kuna neno linalotembea hapa mjini, sokoni, bandarini, hata ndani ya lupango la hospitali: "Hawa wa Kivu wanakuja kutunyang'anya kazi." Linasemwa juu ya wachuuzi na juu ya walimu, lakini likiwafikia wauguzi linakuwa na uchungu wa pekee. Na kule walikotoka, wauguzi hao hao wanaitwa waoga waliotupa wagonjwa. Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye diploma moja, ni msaliti huko na mwizi huku. Ndugu wasikilizaji, na ninyi wazazi wangu mnaolala kwenye turubai, leo naandika kupinga maneno yote mawili, na zaidi kuzipinga ofisi zinazojificha nyuma yake.

Tuanze na hilo la woga, maana ni jepesi kulijibu.

Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, Uvira mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Usiku wa tarehe 28 Februari 2025, watu wa M23 waliingia ndani ya hospitali mbili za Goma na kuondoka na wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza hayo hadharani. Watu walitolewa kitandani. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye kazi yake ni kubadilisha seromu na kuandika joto la mwili kwenye karatasi, alitakiwa kufanya nini? Awazuie kwa makasi?

Na hii si mara ya kwanza. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoanza Agosti 2018 na kutangazwa kuisha Juni 2020, ambayo iliua watu zaidi ya 2,200, daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo. Ilikuwa tarehe 19 Aprili 2019. Sheria za vita, zile za Geneva za 1949, zinasema hospitali isiguswe na anayetibu asiguswe. Kwetu sheria hiyo imebandikwa ukutani, bunduki inapita chini yake.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kulaumu hawalisemi. Baada ya Goma na Bukavu kutekwa, benki zilifungwa. Mtumishi wa Leta aliyekuwa akipokea mshahara kwa benki alijikuta ana jina kwenye liste ya mishahara na hana makuta ya kununua unga. Muuguzi ana watoto kama wewe. Anapika bukari kama wewe. Akibaki miezi minne bila franka moja, wagonjwa nao hawana cha kulipa kwa sababu mashamba yameachwa, unataka ale nini? Ale kanzu yake nyeupe?

Halafu tuulize: alikimbia nani? Kijiji kikihama, wagonjwa wanahama nacho. Mama mwenye mimba ya miezi minane hakubaki Fizi akisubiri kituo cha afya kifunguliwe. Alipanda boti. Mzee wa presha alipanda boti. Mtoto wa surua alipandishwa boti mgongoni mwa dada yake. Muuguzi aliyepanda boti ile ile hakuwatupa wagonjwa wake, aliwafuata. Wengine walianza kazi ndani ya boti, wakizalisha akina mama gizani kwa mwanga wa simu, na hakuna aliyewaandikia ripoti.

Sisemi kwamba kuondoka hakuna bei. Huko kwenye milima ya Fizi na Itombwe kuna watu waliobaki, na muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita titilere, mara nyingi ndiye muganga pekee ambaye kijiji kizima kinamjua. Akienda, mama anazalia nyumbani. Hilo ni jeraha na sitalifunika. Lakini deni hilo ni la Leta iliyomwacha pale bila mshahara, bila dawa na bila ulinzi. Msimpelekee yeye fakture.

Sasa tuje kwa hili la kunyang'anya kazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani wengi wanaolisema hawajui hospitali zetu zinakula wapi.

Leta inasema inalipa wauguzi. Ukweli ni kwamba ndani ya kituo cha afya cha kawaida utakuta makundi matatu. Kuna wenye matrikili na mshahara, ambao ni wachache. Kuna wanaopata ile primu ya hatari bila mshahara. Na kuna wale wasiopata kitu chochote kutoka Kinshasa, ingawa wamefanya kazi miaka kumi. Hao ndio wanaitwa "nouvelles unités", kitengo kipya, hata kama nywele zao zimekuwa nyeupe. (Mtu ana wajukuu na bado ni "mpya". Nchi yetu ina ucheshi wake.) Wote watatu wanakula kutoka sufuria moja: pesa anayolipa mgonjwa. Fishi ya ugonjwa, sindano, kitanda, kuzaa, kupasuliwa. Mwisho wa mwezi zinahesabiwa, dawa zinatolewa, sehemu ya ofisi ya zoni inatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya wafanyakazi kulingana na daraja la kila mmoja.

Umeona sasa? Muuguzi mpya akiingia, sufuria haikui. Kijiko kimeongezeka tu. Na wagonjwa wapya walioletwa na boti ni watu wasio na kitu mfukoni. Wanaandikiwa matunzo ya bure, au wanakimbia usiku bila kulipa. Kwa hiyo muuguzi mwenyeji wa Kalemie anayemtazama mwenzake wa Uvira kwa jicho baya hana roho ya uchawi. Anahesabu tu. Alikuwa akipata kidogo, anaona kidogo hicho kinakatwa tena.

Mimi namwelewa. Lakini hasira yake imekosea mlango. Aliyeacha sufuria iwe ndogo si huyu mama mwenye diploma iliyolowa maji ya ziwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na inapaswa kulipwa kwa haki. Kifungu cha 47 kinasema afya inalindwa. Kifungu cha 30 kinasema kila mtu aliye ndani ya nchi hii ana haki ya kutembea na kukaa popote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hizo zinaishia mpakani mwa Kivu ya Kusini na Tanganyika. Mpaka ambao, tukumbushane, ulikuwa mpaka wa Kivu na Katanga hadi 2015, tulipokatwa kuwa majimbo 26.

Sasa nitoe mfano wa mbali, kwa sababu unanichoma. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanajua kwamba kule kila jimbo lina sheria zake. Texas ina leseni yake ya uuguzi, California ina yake. Majimbo yale ni kama vinchi vidogo. Lakini wakaona ni upuuzi muuguzi wa hospitali kuanza upya kila anapohamia jimbo lingine, wakafanya mapatano: karibu majimbo 40 yamekubali kwamba leseni moja inatosha kufanya kazi kwenye majimbo yote yaliyomo ndani ya mapatano. California na New York hazimo, na anayehamia huko lazima aombe leseni upya, atoe pesa, asubiri. Wauguzi wa huko wanalalamika juu ya hilo, na wana haki.

Sisi hatuna majimbo ya namna hiyo. Tuna nchi moja, wizara moja ya afya, diploma moja ya Leta. A2 wa Uvira alisoma programu ile ile na A2 wa Kalemie au wa Kongolo. A1 wa ISTM ya Bukavu ana karatasi yenye thamani ile ile na ya ISTM ya Lubumbashi. Tangu sheria ya 2016 tuna hata Ordre ya Wauguzi, moja kwa nchi nzima. Yaani kile ambacho Wamarekani walipaswa kukitengeneza kwa mapatano, sisi tulizaliwa nacho. Na bado muuguzi wa Uvira akifika Kalemie anaambiwa: "Wewe si wa hapa."

Na ofisi zinamwambia nini? Zinamwambia alete barua ya kuachiliwa kutoka zoni yake ya afya ya zamani, yenye sahihi na muhuri wa muganga mkuu wa zoni. Fikirini. Muganga mkuu mwenyewe amekimbia, labda yuko Bujumbura, labda yuko hapa hapa Kalemie anapanga foleni ya maji. Ofisi imevunjwa. Muhuri uko mikononi mwa nani? Kumwomba mtu arudi kwenye vita kutafuta muhuri ni kumwomba afe kwa utaratibu mzuri. Wanamwambia pia alete cheti cha huduma alizofanya, karti ya Ordre, na diploma ya asili, si fotokopi. Nyumba yake iliporwa hadi mabati. Diploma ndiyo ingebaki?

Namjua mmoja, mzalishaji, miaka kumi na saba kazini. Sasa anafua nguo za watu na kuuza ndagala kwenye sahani. Mita mia chache kutoka anapouza, kuna kituo ambako akina mama wawili wanalala kitanda kimoja na muuguzi wa usiku ni mmoja kwa wodi mbili. Sitataja jina la kituo wala la mzalishaji, wasije wakamsumbua. Lakini niambieni, ni nani amepona kwa sababu yeye anauza ndagala?

Kuna kitu kibaya zaidi kinachotokana na hayo, na nitakisema ingawa baadhi ya wauguzi watanikasirikia. Muuguzi aliyekataliwa mlangoni haachi kujua kudunga sindano. Majirani wa turubai wanamjua. Usiku mtoto ana homa, wanakuja kugonga. Mwanzoni anasaidia bure, baadaye ananunua vidonge kwenye farmasi ya barabarani, baadaye ana boksi la seromu chini ya kitanda na bei. Hapo tayari kuna kliniki ya siri, bila maji, bila mahali pa kutupa sindano, bila daftari. Mgonjwa wa kolera anawekewa seromu ndani ya hema la watu tisa na hakuna ofisi inayojua kwamba kolera imefika hapo. Na Kalemie, jamani, kolera si mgeni. Kwenye ziwa hili inarudi kila mwaka kama mtu wa nyumbani. Siwatetei wanaofanya hivyo kwa kutafuta pesa, na wanaodunga kila homa antibiotiki ili waonekane wanajua wanastahili kukemewa. Lakini mwenye kufunga mlango wa mbele asishangae watu wakipita dirishani.

Mashirika nayo yasikie. Yanakuja na gari jeupe, yanabandika tangazo la kazi kwa siku tano, kwa Kifaransa, yanataka maombi kwa intaneti. Mkimbizi aliyeuza simu yake ili alipe boti ataomba kwa nini? Mwisho kazi inachukuliwa na mtu aliyekuwa tayari na kazi kwenye kituo cha Leta, kwa kuwa shirika linalipa zaidi, na kituo cha Leta kinabaki na pengo. Wanahamisha muuguzi kutoka mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine na kuandika kwamba wameongeza huduma. Tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mwanzoni mwa 2025, hata kazi hizo zimepungua, na kugombea kumekuwa kukali. Hapo ndipo maneno ya "wa hapa" na "si wa hapa" yanapopata mbolea.

Wengine wataniambia: waende basi nje, wavuke ziwa. Wameenda wengi. Nyarugusu, upande wa Kigoma, kambi hiyo iko tangu 1996, na Wakongo waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Wauguzi wetu wapo humo pia. Wanafanya kazi kwenye vituo vya kambi, lakini kama mkimbizi, kwa posho ndogo inayoitwa motisha, kando ya Mtanzania anayefanya kazi ile ile kwa mshahara. Nje ya kambi hawaruhusiwi kuajiriwa hivi hivi. Waliofika Marekani kwanza wanageuza wazee kitandani na kuwabadilisha nepi, miaka, huku wakisomea Kiingereza na mtihani wa leseni. Na mwenye A2, diploma aliyopata akiwa bado shule ya sekondari, mara nyingi analazimika kurudi darasani. Mgeni kutendewa hivyo ugenini, naweza kukubali kwa shingo upande. Ni nchi za watu. Lakini nani alitufundisha kumfanyia hivyo Mkongo ndani ya Kongo?

Wazee wa Katanga wanajua neno "si wa hapa" linafikia wapi. 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwa maelfu kwenye vituo vya treni, na watoto wakafa hapo hapo kando ya reli. Kati yao walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli ambao kazi zao hazikujifunza zenyewe walipoondoka. Na karibu zaidi: vita vya Watwa na Waluba, kuanzia 2016, vilijaza kambi za Katanika na Kalunga. Wengi wanaotamka leo kwamba wa Kivu warudi kwao walilala Katanika. Walitibiwa na nani? Je, yule muuguzi aliwauliza kwanza babu yao alizikwa wapi?

Tena watu wa Uvira, Baraka na Kalemie tunasema Kiswahili kile kile, tunakula ndagala za ziwa lile lile. Mama mkimbizi akimwambia muuguzi wa Fizi "tumbo linanishika upande huu, na watoto wangu wawili walikufa njiani", anaeleweka, hata yale asiyoyasema. Hilo halinunuliwi kwa semina. Akina mama waliofanyiwa ubaya na wenye silaha njiani hawatasema mbele ya mtu wasiyemjua. Watasema kwa yule waliyekimbia naye.

Nini kifanyike? Sihubiri muujiza. Idara ya afya ya jimbo ifungue daftari moja la watumishi wa afya waliohama: jina, daraja, shule, zoni walikotoka. Karani mmoja, meza moja, wiki mbili. Asiye na diploma athibitishwe na shule yake au na wizara, maana Kinshasa hakuna vita na majina ya waliohitimu yapo. Wakati huo huo afanyishwe kazi chini ya mwenyeji, miezi mitatu, na mwenyeji huyo atoe ripoti. Anayefoji atagundulika haraka, wodi haifichi mtu asiyejua kushika mshipa. Barua ya kuachiliwa kutoka zoni iliyotekwa ifutwe kwenye orodha ya masharti, leo, kwa karatasi moja yenye sahihi ya mkuu wa idara. Wenye matrikili waruhusiwe kupokea mshahara wao hapa, kwa benki ya hapa, badala ya kuandikwa kwamba wameacha kazi. Kuandika "ameacha kazi" juu ya mtu aliyekimbia mabomu ni uongo, na uongo huo una mshahara ndani yake. Tungependa kujua mshahara huo unaingia mfuko gani.

Na mashirika yanayotaka matunzo ya bure kwa wakimbizi yalipe kituo kwa kila mgonjwa, kwa wakati, ili sufuria ikue. Yakifanya hivyo, muuguzi mwenyeji hatakuwa na sababu ya kumchukia mwenzake, atamwomba ashike zamu ya usiku.

Kwa wauguzi mlio kwenye turubai: andikeni majina yenu wenyewe, msisubiri karani. Kaeni pamoja, A2, A1, A0, wazalishaji, watu wa maabara. Tengenezeni liste kwa daftari la shule, kila mtu na zoni yake na mwaka wa diploma, nakala moja kwa idara ya afya, moja kwa Ordre, moja kwa meya, moja kwetu wapasha habari. Mwenye picha ya diploma kwenye simu aitume kwa watu watatu kabla simu haijaibiwa. Mkipeleka nakala, ombeni muhuri wa kupokea kwenye nakala mnayobaki nayo, na andikeni tarehe. Nitauliza idara liste hiyo imelala kwenye meza ya nani, na nitauliza tena wiki inayofuata.